Bahari Iliyoning'inia Jikoni

Nilipokuwa mtoto, bahari ilining'inia jikoni kwetu, kwenye msumari kando ya mlango, imefungwa kwa kamba ya katani. Ilikuwa fungu la mwani mkavu, kubwa kama kichwa cha mtoto, jeusi kivulini na lenye wekundu ukiliweka kwenye jua. Nyanya ndiye aliyekuja nalo. Katika kambi yetu yote ya wachumaji chai, kule Boito, hakukuwa na mtu mwingine aliyewahi kuiona bahari. Nyanya aliishi Mombasa babu alipokuwa akifanya kazi ya reli, na babu alipofariki alirudi Kisii na vitu viwili: cherehani isiyoshona, na mwani. Mama alipopata kazi ya kuchuma chai, Nyanya alikuja kukaa nasi ili atulee mimi na mdogo wangu Kemunto. Cherehani aliiacha. Mwani alikuja nao.

Mwani una tabia moja ambayo sikuijua sababu yake mpaka nilipokuwa mtu mzima. Chumvi iliyomo ndani huvuta unyevu. Hewa ikiwa kavu unakakamaa na kuvunjika kama vijiti. Mvua ndefu ikikaribia unalegea na kuwa laini kama ngozi ya sikio, hata kabla mawingu hayajaonekana. Wanawake wa kambi walipopita alfajiri na vikapu mgongoni, walisimama mlangoni kwetu na kumwita Nyanya kwa jina langu.

"Nyanya wa Moraa, bahari inasemaje leo?"

Nyanya aliunyoosha mkono, akauminya mwani kidogo, akajibu kama mtu aliyeulizwa habari za nduguye. "Imenuna. Bebeni aproni za plastiki."

Jirani mmoja hakukosa kumtania. "Mvua ya huku inanyesha kila siku saa nane. Hata kuku wangu anajua hivyo, na hajafika Mombasa."

"Kuku wako angekuwa na akili asingekaa kwako," Nyanya alijibu, nao wakacheka wote mpaka kwenye kona ya njia.

Lakini kazi ya kweli ya mwani haikuwa mvua. Ilikuwa minyoo. Nyanya alikuwa na imani moja, na aliisema kwa utulivu, jinsi mtu anavyokueleza njia ya kwenda sokoni. "Bahari haikai na kisicho chake," alisema. "Itupie gogo, itakurudishia. Itupie mzoga, asubuhi utaukuta mchangani. Mtu akinywa maji ya mwani, tumbo linajifunza tabia ya bahari. Kilichomo na si chake, kinatupwa nje."

Na dawa hiyo ilikuwa na mwiko wake. Kwa siku tatu, tangu mgonjwa alipokunywa mpaka jua la siku ya tatu litue, neno la ugonjwa halikupaswa kuvuka mlango. Ndani mnaweza kusema, nje hapana. Asiulizwe mtu, asijibiwe mtu. "Wimbi linalokuja ukiliita jina, linarudi," Nyanya alituambia. "Na likirudi, linarudi na mtu."

Niliamini. Nilikuwa na miaka tisa, na sikuwa nimeona kosa lolote katika maneno ya Nyanya. Watoto huamini hivyo, na ni vizuri waamini hivyo, kwa sababu bila kumwamini mtu mkubwa hakuna mtoto angejifunza hata kuvuka mto. Nimefundisha watoto kwa miaka mingi na bado nasema ni vizuri. Ila nasema nikiwa najua.

Mwaka ule mwani ulilegea mapema. Nakumbuka Nyanya akiuminya asubuhi moja, kisha akauminya tena, akanusa vidole vyake.

"Mvua ya mwaka huu ni ndefu," akamwambia mama. "Minyoo itaamka. Mwangalieni mtoto."

Mtoto ni Kemunto. Alikuwa na miaka mitano na alikuwa mlaji wa udongo. Kulikuwa na ukingo wa udongo mwekundu kwenye njia ya kwenda bombani, nao ulikuwa na mashimo madogo ya vidole vyake. Tumbo lake lilimtangulia. Nyanya alimwita Mheshimiwa. "Mheshimiwa anapita na tumbo lake, anaomba kura. Mpisheni." Naye Kemunto alilisukuma tumbo mbele zaidi na kutupungia mkono, huku na huku, kama alivyoona watu wakubwa wakifanya juu ya magari.

Mvua ilikuja kama Nyanya alivyosema. Ikanyesha asubuhi, ikanyesha saa nane, ikakaa. Mitaro kati ya mistari ya nyumba ikajaa maji yasiyokwenda popote. Mbu wakaja. Sisi watu wa milimani hatukuwajali mbu. Tulisema malaria ni ugonjwa wa watu wa ziwani, kwamba baridi ya chai inaiua njiani kabla haijapanda. Tuliisema hata pale watu wa kambi ya chini walipoanza kulala siku nzima kwenye majamvi. Tulisema ni mafua. Tulisema ni uchovu wa mvua.

Kemunto alipoanza kuwa moto mwilini, hakuna aliyeshangaa. Tumbo lilikuwa limejaa, usiku alisaga meno, udongo alikuwa ameula. Mama alitaka kumpeleka zahanati ya kambi, lakini majani yalikuwa yamekolea kwa mvua na nyapara hakumpa ruhusa hata mtu mmoja.

"Nipe siku tatu," Nyanya akamwambia. "Ikishindikana, nitambeba mwenyewe."

Mama akajifunga aproni yake. "Siku tatu, Mama," akasema. Nyanya alikuwa mamake mzazi.

Asubuhi hiyo Nyanya alikata nyuzi chache za mwani, akazilowesha, akazichemsha mpaka maji yakawa mazito, akayachuja kwa kitambaa. Kemunto alionja, akakunja uso wote.

"Nyanya! Ni kama makamasi!"

"Wewe ndiye mtaalamu, umeyala mengi. Kunywa."

Akanywa. Alikunywa yote, kwa sababu Nyanya alimwahidi kwamba siku moja atampeleka aone maji yasiyo na ng'ambo.

Siku ya pili, dawa ilifanya kazi. Hili lazima niliseme wazi, kwa sababu watu wengi wakisikia kisa hiki hudhani Nyanya alikuwa akidanganya au akidanganywa. Minyoo ilitoka. Nyanya aliigeuza kwa kijiti, ilikuwa imelegea kama kamba za viatu zilizoloa, na alitabasamu mpaka pengo lake la upande likaonekana. Kemunto alitaka kuihesabu, akakatazwa. Mwili wake ulikuwa umepoa. Alikula ugali na sukumawiki, akaomba tena. Alasiri alikwenda kukaa mlangoni, akaimba wimbo wa shule ya Jumapili ambao hakujua maneno yake, akitia maneno yake mwenyewe. Mama alirudi kutoka kwenye mizani ya kupimia majani, akamkuta hivyo, akaketi pale pale mlangoni na aproni yake ikichuruzika maji. Akamwangalia tu.

"Nilikuambia," Nyanya akasema kutoka ndani.

"Uliniambia, Mama."

Ile ndiyo siku ya mwisho tuliyokuwa na furaha sote. Ugonjwa ule una mtindo huo. Unapumzika siku moja, kama mtu anayetua mzigo abadilishe bega.

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi. Mama alikuwa shambani na baba alikuwa zamu kiwandani. Baada ya chakula cha mchana Nyanya alichukua kamba na panga akashuka bondeni kutafuta kuni, maana zilizokuwa ndani zilikuwa zimeloa. Aliniambia, "Kaa na mdogo wako. Jua likitua tumemaliza."

Hakuwa amekwenda mbali Kemunto alipoanza kutetemeka. Alitetemeka mpaka kitanda cha kamba kikalia. Nikamfunika blanketi la kwanza, la pili, na koti la baba. Meno yake yaligongana. "Moraa, baridi," alisema, ilhali nikimgusa alikuwa kama sufuria. Nilijiambia ni bahari. Nilijiambia wimbi la mwisho ndilo kubwa.

Ndipo Sista Chelagat akagonga.

Sista Chelagat alikuwa muuguzi wa zahanati ya kambi, mama mnene mwenye hatua ndogo, aliyevaa mabuti ya mpira chini ya gauni lake jeupe. Wiki hiyo alikuwa akipita nyumba kwa nyumba na mkoba wa dawa za malaria, kwa sababu yeye, peke yake labda, hakuwa ameamini kwamba baridi ya chai inaua kitu. Alikuwa na kipande cha chaki. Nyumba yenye mgonjwa aliiandikia nambari mlangoni ili airudie. Nyumba isiyo na mgonjwa aliitia tiki.

Nilitoka nje nikauvuta mlango nyuma yangu.

"Mama yuko wapi?"

"Kazini, Sista."

"Na kogo wako?" Yeye alimwita kila nyanya kwa neno la kwao, la Kipsigis.

"Ameenda kuni."

"Na nyumba hii kuna mgonjwa?"

Nyuma yangu, ndani, kitanda kilikuwa kikilia kidogo kidogo. Sijui kama alikisikia. Mvua ilikuwa ikigonga mabati, na mabati ya kambi hupiga kelele. Niliangalia juu, kule jua lingekuwa kama kungekuwa na jua. Nikapima moyoni. Zilibaki saa tatu, labda nne. Nikiliita wimbi sasa, litarudi. Na likirudi, linarudi na mtu.

"Hakuna, Sista. Tuko sawa."

Aliniangalia. Alikuwa na macho ya upole, na nimeyaona macho hayo mara nyingi tangu siku ile, kwa sababu ndiyo macho ninayoyatumia ninapomwuliza mtoto kama amekula na mtoto anajibu ndiyo. Kisha akainua mkono, akachora tiki kubwa kwenye mlango wetu.

"Msichana mzuri," alisema. "Mwambie kogo nimemsalimia."

Akaenda nyumba ya pili.

Nyanya alirudi na mzigo wa kuni, akaingia, akautupa chini bila kuufungua. Kemunto alikuwa ameacha kutetemeka. Macho yake yalikuwa wazi na hayakuwa yakituangalia, na mkono wake mmoja ulikuwa ukiruka wenyewe. Nyanya alimweka mgongoni akamfunga kwa leso na kutoka mbio, mama mzee yule, kwenye matope, kabla jua halijatua, akivunja mwiko wake mwenyewe kwa sauti kubwa njia nzima: "Mtoto anakufa! Nisaidieni, mtoto anakufa!" Kutoka zahanati walipewa trekta la kubebea majani, wampeleke hospitali ya misheni upande wa Kaplong. Mama aliitwa kutoka shambani, akawakuta barabarani na kikapu chake bado mgongoni. Hawakufika. Njiani mama alimwambia dereva asimamishe, hakuna haraka tena.

Tulimzika Kisii, kwenye shamba la babu. Tuliporudi, tiki ilikuwa pale mlangoni. Upenu ulikuwa umeikinga na mvua.

Nyanya aliiona kabla ya mama. Aliniita nyuma ya jiko.

"Sista alipita?"

"Alipita."

"Ulimwambia nini?"

Nikamwambia. Nilitegemea anipige. Nyanya aliketi juu ya kigogo cha kupasulia kuni, akaishika mikono yangu miwili, akaiangalia kana kwamba kuna kitu kimeandikwa viganjani.

"Ulifanya nilivyokufundisha," alisema. "Sikiza. Usimwambie mtu. Hata mama yako. Huu si mwiko, ni mimi nakuomba."

Jioni mama akaiona tiki. Aliigusa kwa kidole, akatazama chaki kwenye kidole chake. "Nani alimwambia Sista hakuna mgonjwa?" Aliuliza polepole. Baba alikuwepo, na majirani wawili waliokuja kutupa pole.

"Ni mimi," Nyanya akasema.

Mama hakupiga kelele. Aliingia ndani. Kesho yake Nyanya alifunga vitu vyake akarudi Kisii, akaishi huko miaka michache, akafa. Mama alikwenda mazishini na kurudi siku hiyo hiyo. Mwani ulibaki kwenye msumari. Asubuhi hakuna aliyesimama mlangoni tena kuuliza bahari inasemaje, na mwishowe, sijui lini, msumari ukabaki peke yake.

Mimi nikawa mwalimu. Shule ninayofundisha si mbali na kambi ile. Kila mwaka kuna siku ya dawa za minyoo. Watoto wanapanga mstari, wanatafuna kidonge, wanakunja uso, nami natia tiki kwenye orodha. Mwaka huu, siku hiyo, alikuja kunisalimia kijana niliyemfundisha, Kibet, ambaye sasa anasoma kemia chuoni upande wa Kabianga. Alinisaidia kugawa maji ya kunywea. Tulipomaliza, tuliketi kwenye dawati nje, nikamwuliza anafanya nini huko, akaniambia anasoma juu ya dawa zinazotoka baharini.

"Wewe?" nikacheka. "Wa Boito? Baharini ulifika lini?"

"Sijafika, Mwalimu. Inaletwa kwa chupa."

Akanieleza taratibu, kama nilivyomfundisha kueleza. Kwamba kuna mwani mwekundu ambao watu wa nchi za mashariki ya mbali walikuwa wakiwapa watoto wenye minyoo tangu zamani za kale, na wataalamu walipoupasua wakakuta ndani yake kitu kinachoipumbaza minyoo, ikalegea, tumbo likaisukuma nje. Kwamba sifongo za baharini, viumbe vinavyokaa mahali pamoja kwenye mwamba bila meno wala miguu, hujilinda kwa sumu zao, na baadhi ya sumu hizo zimeua vimelea vya malaria ndani ya vyombo vya maabara. "Lakini chombo si mtu," akasema. "Kutoka pale mpaka iwe dawa ni safari ndefu. Nyingi zinaishia njiani."

Nikamwambia juu ya fungu la mwani wa Nyanya. Minyoo tu, sikumwambia mengine.

"Siwezi kujua ulikuwa wa aina gani bila kuuona," alisema. "Lakini kama minyoo ilitoka imelegea hivyo, Mwalimu, nyanya yako hakuwa akibahatisha."

Watoto walikuwa wakicheza mpira wa makaratasi. Kisha nikauliza swali ambalo nilikuwa nimelibeba tangu nikiwa na miaka tisa.

"Na mtu mwenye malaria akinywa mwani huo?"

Akanitazama. Nadhani alijua kwamba halikuwa swali la kemia. "Hauwezi kumsaidia," alisema taratibu. "Kimelea cha malaria hakikai tumboni. Kinakaa kwenye damu. Bahari ya nyanya haingekifikia."

Jumapili ile nilikwenda kwa mama. Amestaafu sasa, vidole vyake bado vina weusi wa utomvu wa chai usiotoka. Nilimkuta akichambua maharagwe. Nikaketi, nikachukua sehemu yangu ya maharagwe, nikamwambia yote. Sista, mvua, mlango nilioufunga nyuma yangu. Nilimwambia kwamba Nyanya hakuwa nyumbani.

Mama hakuacha kuchambua. "Najua," alisema.

"Unajua?"

"Siku ile tulikuwa tunachuma kwenye kilima cha juu. Kutoka pale unaona bonde lote. Nilimwona mama yangu akikata kuni, nikaona gauni jeupe likisimama mlangoni kwetu. Niliona nani alitoka." Alitupa jiwe dogo lililokuwa ndani ya maharagwe. "Nilifurahi hata. Nikasema, vizuri, Sista amepita kwangu."

"Basi kwa nini ulimwacha Nyanya aende?"

Hapo mikono yake ikasimama. "Niliuliza nikitumaini macho yangu yalikosea. Aliposema ni mimi, alikuwa ananiangalia. Alikuwa ananiomba. Ningesema nini mbele ya watu, Moraa? Kwamba ni wewe?" Akafuta uso kwa nyuma ya mkono. "Mtu mmoja alipaswa kuondoka na lile neno. Akaondoka nalo yeye. Nami sikuweza kumfuata kumwambia asante, kwa sababu hasira pia ilikuwepo. Ilikuwepo kweli. Mpaka akafa ilikuwepo."

Tulimaliza maharagwe.

Nimejaribu kumkasirikia Nyanya kwa miaka mingi, na nimejaribu kuicheka imani yake, na vyote viwili vimenishinda. Mwani ulijua mvua. Mwani ulijua minyoo. Kilichotuua ni kwamba ulikuwa umesema kweli mara mbili, na sisi tukauamini hata mara ya tatu. Wala sidhani tena kwamba mwiko ulikuwa upumbavu mtupu. Ulikuwa njia ya mtu asiye na kitu kingine ya kushikilia tumaini lisimwagike. Lakini tumaini lililofungiwa ndani halisikii mlango ukigongwa.

Wenzangu shuleni hunitania kwamba siku ya dawa za minyoo darasa langu ndilo la mwisho kumaliza. Hawajui sababu, nami sijawaeleza. Kila mtoto akifika mbele yangu namwuliza kama kwao kuna mgonjwa. Wengi hujibu hakuna, Mwalimu, tuko sawa. Basi naiweka kalamu chini, nanyoosha mkono, nalishika paji la uso wake mpaka niwe na hakika. Ndipo natia tiki.